Neno "water" Wamarekani wanalitamkaje? Nasema mara nne hawanielewi

dada_wa_moro

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada kwa mnaoishi Marekani au mliosomea mambo ya lugha. Mimi kwetu Morogoro, huku Texas nina miezi saba sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kiingereza nimesoma toka shule ya msingi mpaka chuo, naandika vizuri tu, ripoti za zamu naandika mwenyewe na hakuna aliyewahi kulalamika. Shida yangu ni neno moja dogo na ndo neno ninalolitumia kuliko yote kwa siku nzima. "Water".

Kazi yetu inabidi upite chumba kwa chumba kuwauliza wazee kama wanataka maji, maana mzee hasikii kiu kama mimi na wewe, na akikosa maji anaweza kuchanganyikiwa kabisa mkadhani ni uzee kumbe ni maji. Sasa mimi nikisema "wota" wananiangalia tu. Kuna bibi mmoja ana miaka 91, mpole kama bibi yangu mzaa mama, juzi nimemwuliza mara nne, mara ya nne midomo ikaanza kumtetemeka akadhani masikio yake ndo yamekufa, akaniomba msamaha. Mtu wa umri ule ananiomba msamaha mimi jamani! Nikachukua glasi nikamwonyesha, akatabasamu akalitaja neno mwenyewe, nikasikia kitu kama "wara" au "wada" hivi afu mwishoni kuna mlio kama ulimi umekunjwa. Mapumziko yalipofika nilikaa kwenye ngazi nje sikuweza hata kula.

Nimejaribu kusema "wara" kama nilivyosikia, mwenzangu mmoja ni Mmarekani mweusi akanielewa palepale na nadhani hata yeye anatamka hivyohivyo, ila msimamizi akasema bado. Nikajaribu kukaza r yetu mwishoni, ile ya "barabara", ikawa mbaya zaidi. Nachoomba kujua, hiyo t imeenda wapi? Ni r au ni d? Na huo mlio wa mwisho unatokea sehemu gani ya mdomo? Nielezeni kama mnamweleza mtu mwenye ulimi wa Kiswahili, maana video za mtandaoni nimeangalia nyingi, mwalimu anasema ulimi uguse hapa ulimi uguse pale lakini hajui mimi nimetokea lugha gani.

---

nyeri_minnesota

Pole sana dada, hio kitu imenigusa juu mimi pia nilianzia kazi ya kuchunga wazee nikiingia huku, na ni hio hio "water" ilinisumbua, hio na "butter".

Wacha nikwambie habari njema kwanza. Hio t unayouliza imeenda wapi, wewe unayo tayari. Unaitumia kila siku ukiongea Kiswahili. Ni r yetu. Sio r ya Kiingereza, ni r yetu ya "kura", "mara", "bara". Skiza vile ulimi unafanya ukisema "mara": ncha inapanda inagonga juu nyuma ya meno, kwa ule ufizi, inagonga mara moja haraka sana afu inashuka. Sasa Mmarekani akikuta t iko katikati ya vokali mbili, na ile vokali inafuata haijakazwa, anafanya hio kitu exactly hio hio. Haitoi t ya kupumua kama ya Mwingereza, anagonga tu na kupita. D pia anaifanyia hivyo, ndio maana ulisikia kama "wada" na kama "wara", masikio yako hayakukudanganya, ni sauti moja iko katikati ya r yetu na d. Kwa Mmarekani "latter" na "ladder" zinatoka sawa, "metal" na "medal" pia.

Jaribu hii uone. Sema "siri" ya Kiswahili, kama kuweka siri, haraka haraka bila kuvuta. Umesema "city" ya Kimarekani karibu kabisa. Mimi siku niligundua hio nilikaa kwa gari nikisema siri siri siri mpaka nikachelewa kuingia kazi. Afu sema "bara", kama Tanzania bara, umebakisha mwisho tu upate "butter". Na "wara" yako ilikuwa sawa, yaani nusu ya kwanza uliipata kwa masikio peke yako bila mwalimu, kwa hivyo usijidharau.

Sisi watu wa Nyeri kwetu hatuna l lakini r tunayo ya kutosha kwa hivyo nusu hio ilikuwa rahisi. Kwa wenye lugha ya nyumbani haina r, itabidi wapitie Kiswahili kwanza.

Sasa nusu ya pili, ile ya mwisho, hapo ndio kuna kazi. Hio r ya mwisho SIO yetu hata kidogo. Yetu inagonga, yao haigongi mahali. Ulimi unarudi nyuma unakaa hewani, ncha haigusi chochote. Ndio maana ukikaza ile ya "barabara" inakuwa mbaya, juu umegonga ulimi mara mbili kwa neno moja, mara moja katikati na ingine mwisho, na Mmarekani hawezi jua ni neno gani. Kuna njia rahisi ya kujipima: r yetu huwezi kuishikilia, ukijaribu kuivuta inakuwa ngoma inapigwa, rrrrr. Yao unaweza kuishikilia sekunde tatu nne bila kubadilika, kama vile unavuta "a" ama "i". Kama ya kwako haishikiliki, bado ni yetu.

---

lushi_kentucky

Jambo dada. Miye niko Louisville, tulitokea Lubumbashi tukapita Zambia. Ndugu wa Nyeri amesema kweli tupu, miye naongeza ile ya mwisho paske miye njo ilinipiga zaidi. Kwetu Kiswahili kinachanganyika na Kifaransa, ile r nilikuwa naitoa kwa koo kama bantu ba Kifaransa, wote banashangaa.

Ku kanisa yetu kulikuwa mama moja Mmarekani, mama mzee, alikuwa anafundisha ba wageni Kiingereza kila siku ya nne jioni, bure. Alinipa mbinu hii na minaisema vile alinipa. Sema "iiii" kwa muda murefu. Sikia pembeni za ulimi, huku na huku, zinagusa meno ya magego ya juu. Zinagusa, unasikia? Sasa usiache zile pembeni ziachane na magego, vuta tu ulimi mzima nyuma pole pole, kama unavuta mutambo, na midomo uikaze kidogo ikuje mbele. Sauti inageuka yenyewe, "iiii" inakuwa "eerrr". Pale njo mahali yake. Fanya mara makumi, asubuhi na jioni, mbele ya kioo.

Kuna watu banakunja ncha ya ulimi kwenda juu na nyuma, kuna watu banashusha ncha chini na kuinua katikati ya ulimi. Yote mbili ni sawa, ba Marekani benyewe bamegawanyika na mutu hawezi kusikia tofauti. Kwa hiyo kama video moja inasema kunja na ingine inasema shusha, usichanganyikiwe, chukua ile inakubali mu kinywa yako.

Na kitu kingine, wakisema haraka "what are you doing", ile "what are" inatoka karibu sawa na "water". Miye nilikuwa nasikia ku kazi kila saa mutu anaomba maji kumbe anauliza unafanya nini.

---

kaka_mkubwa_tabora

Mi nina swali tofauti na samahani kama nitamkera mtu. Kwanini sisi ndo tubadilike? Mhindi anaongea Kiingereza chake, Mskoti anaongea chake, Mjamaika anaongea chake, na Wamarekani wanawaelewa au wanajifunza kuwaelewa. Wewe unasema "wota" ambayo ndo Kiingereza cha Uingereza kilikotoka, na ni sahihi, umefundishwa hivyo na umefaulu mtihani. Huko kubinyabinya ulimi mwisho wake mtu anarudi nyumbani anaongea puani hata mama yake hamwelewi. Nimeshuhudia. Dada yangu we fanya kazi yako, chukua glasi mwonyeshe bibi, atajua ni maji.

---

mwalimu_mstaafu

Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 34 kabla ya kustaafu, naomba niingie hapo kidogo kwa sababu mdogo wangu wa Tabora amegusa jambo la msingi, nalo ni hili la "wota" kuwa ndiyo ilikotoka.

Ni kweli "wota" yetu tumeipata kwa Waingereza, na ushahidi wake umo ndani ya Kiswahili chenyewe, hauhitaji kitabu. Tazameni maneno tuliyokopa. "Nurse" tumesema nesi, "shirt" shati, "skirt" sketi, "card" kadi, "board" bodi, "ward" wadi, "bar" baa, "store" stoo, "motor car" ikawa motokaa. R zote hizo zimekwenda wapi? Hazikupotea kwetu, babu zetu waliandika walichosikia, na Mwingereza aliyewatawala hakuitamka. Lakini "radio" ni redio, "receipt" ni risiti, "train" ni treni, "brake" ni breki, hapo r ipo kwa sababu inafuatwa na vokali na Mwingereza huitamka. Neno ninalolipenda kuliko yote ni "report". Lina r mbili, tumesema ripoti. Ya kwanza tumeibakiza, ya pili hatukuisikia. Masikio ya waliokopa neno lile yalikuwa makini mno, na mimi darasani nilikuwa naliandika ubaoni kila mwaka kidato cha tatu.

Vivyo hivyo na t. Lita, mita, kompyuta, t imekaa wima kwa sababu mkondo wetu ni wa Uingereza. Laiti tungekopa kwa Mmarekani leo tungekuwa tunanunua maziwa kwa lira.

Sasa hapo pa "ilikotoka" ndipo ninapotaka kumrekebisha mdogo wangu kwa upendo. Waingereza waliohamia Amerika karne ya 17 walikuwa wanaitamka ile r ya mwisho. Waliobaki kusini mwa Uingereza ndio walioiacha baadaye, ikawa ndiyo namna ya wakubwa wa London kufikia mwisho wa karne ya 18. Kwa hiyo katika kipengele hicho Mmarekani ameshika la zamani na Mwingereza ndiye aliyebadilika. Katika t ni kinyume chake, pale Mmarekani ndiye aliyelegeza.

Na hata Marekani kwenyewe haikuwa wote. Miji ya pwani ya mashariki, Boston na New York, pamoja na sehemu nyingi za kusini, iliacha r kama London. Rais Roosevelt hotuba zake za miaka ya 1930 zimerekodiwa, sikilizeni, r za mwisho hazisikiki, na yule alikuwa mtu wa tabaka la juu. Baada ya vita vya pili hali ikageuka, r ikawa ndiyo alama ya usomi. Mwaka 1962 mtaalamu wa lugha William Labov alikwenda maduka makubwa matatu ya New York, Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, na Klein la bei nafuu. Aliwauliza wafanyakazi mahali pa bidhaa ambayo alishajua ipo ghorofa ya nne, ili wamjibu "fourth floor", maneno yenye r zote mbili za aina hiyo. Akishajibiwa anajifanya hakusikia, anauliza tena, mfanyakazi anarudia kwa uangalifu. Saks r ilisikika zaidi, Klein kidogo kuliko wote, na waliporudia r ziliongezeka. Binti yangu wa Morogoro, unaona, hata Mmarekani mwenyewe akiambiwa "hee, umesemaje?" hubadilisha ulimi wake.

Na yule mwenzako mweusi anayesema "wara" bila mkunjo wa mwisho hajakosea. Wamarekani weusi wengi huiacha r hiyo, ni namna yao kamili yenye historia yake. Kwa hiyo uliposema "wara" ulitamka neno ambalo mamilioni ya Wamarekani hulitamka hivyo.

---

pwani_philly

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya ripoti imenitoa machozi ya furaha wallahi, miaka yote nasema ripoti sijawahi kuiangalia.

Mimi ni wa Mombasa niko Philadelphia mwaka wa kumi na moja. Nyongeza yangu ni kwamba kila mji una "water" yake kwa hivyo dada usije ukababaika ukisafiri. Huku Philadelphia wenyeji, hasa watu wazima, husema kama "wuder", ile u ya "wudhu", na wanajulikana Marekani nzima kwa neno hilo. Nilipofika nilikuwa nishajifunza ile ya kwenye televisheni, mwenye nyumba akanambia bomba la "wuder" limepasuka, nikasimama nafikiria mbao. Huko magharibi, California na kwingineko, vokali ya kwanza ni pana, karibu na a yetu. Sehemu nyingine iko katikati ya a na o. Huko Texas kwako utasikia zote mbili, ufanye tu uache ile o ya mviringo ya "wota", fungua taya lishuke, midomo usiikusanye sana.

Jambo jengine ambalo halijasemwa ni uzito. Sisi kila silabi tunaipa haki yake, wo-ta, zote mbili zinasikika wazi. Wao silabi ya kwanza wanaivuta na kuikaza, ya pili wanaimeza, haina hata vokali ndani yake, ni ile r peke yake imekaa pale. Kwa hivyo usiseme "wara" kisha ukaongeza r mwishoni, itakuwa "wara-er", silabi tatu. Ukishagonga ulimi pale katikati nenda MOJA KWA MOJA kwenye ule mvuto wa ndugu wa Lubumbashi. Waaa, gonga, rrr ya hewani. Bahati nzuri mkazo wetu wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa neno la silabi mbili unaangukia mwanzo, sawa na wao. Hilo hulihitaji kujifunza.

Sie wa Mombasa na Lamu tuna t mbili, moja ulimi unagusa meno na nyengine unagusa ufizi, na utotoni tulikuwa tunachekwa na wa bara kwa hilo. Lakini huku limenifaa sana kwa sababu nilishajua kuuhisi ulimi uko wapi. Ukitaka kujua pa kugonga ile t ya "water", ni ufizini, meno usiyaguse.

Kupima kama umepata, chukua simu, weka kibodi ya Kiingereza cha Marekani, bonyeza alama ya maikrofoni useme neno lako halafu uone inaandika nini. Usiseme "water" peke yake, sema kwenye sentensi ya kazini kwako, "would you like some water". Mimi mwezi wa kwanza iliniandikia kila kitu isipokuwa maji. Simu haioni haya wala haichoki, unaweza kuirudia mara mia usiku chumbani kwako.

---

dada_wa_moro

Jamani sijui niwashukuruje. Shikamoo mwalimu. Nimesoma majibu yote mara mbili mbili, nimeyanakili kwenye daftari.

Kaka wa Tabora, nimekuelewa na sijakereka hata kidogo, na nyumbani nitaendelea kuongea kama nilivyozaliwa. Ila naomba unielewe na mimi. Glasi naweza kumwonyesha bibi anayeona. Nina babu wawili kwenye ukumbi wangu hawaoni kabisa, mmoja macho yalienda kwa kisukari. Yule babu hana kitu kingine cha kunijulia zaidi ya sauti yangu, nikiingia chumbani kwake usiku saa tisa nikasema neno asilolijua anashtuka, anashika shuka kwa mikono miwili. Siwezi kumwambia ajifunze Kiingereza cha Morogoro akiwa na miaka 88. Ningekuwa nahutubia mkutano ningesema "wota" yangu kwa sauti kubwa.

Nimeleta mrejesho. Nimefanya ile ya "iiii" kurudi nyuma siku nne, siku ya kwanza na ya pili hakuna kitu, shingo ikaniuma nadhani nilikuwa nakaza sana. Siku ya tatu nikiwa naosha vyombo ikatoka yenyewe nikaishikilia mpaka pumzi ikaisha. Ile ya siri na city imeniingia mara moja. Simu mwanzo iliandika "what a", kisha "wider", jana usiku ikaandika "water" mara sita kati ya kumi.

Na leo asubuhi nimeingia kwa yule bibi wa miaka 91, sikumwonyesha glasi, nilikuwa nimeificha nyuma makusudi. Nimemwuliza mara moja. Akasema ndiyo mpenzi, na barafu kidogo. Hakujua kama kuna kitu kimetokea. Ndo nilichokuwa nataka, asijue.

Sasa nina la mwisho, maana nimeanza kusikia hizi t kila mahali nachanganyikiwa. Nimejaribu kugonga ulimi kwenye "hotel" msimamizi akanishangaa. Na kuna "button" na "twenty" nasikia t haipo kabisa, wala r haipo. Kuna kanuni au ni kukariri?

---

nyeri_minnesota

Aki dada umenifurahisha leo, hio ya kuficha glasi nimemsomea bibi yangu kwa sauti.

Kanuni iko. Kugonga ni lazima vokali inafuata t isikazwe. "Water" mkazo uko kabla ya t, kwa hivyo unagonga. "Hotel" mkazo uko BAADA ya t, ho-TEL, hapo t inabaki t kamili, tena ya kupumua. Same na "attack", "guitar", "return". Angalia "photo" unagonga, lakini "photographer" ile t haugongi juu mkazo umehamia hapo. Kwa maneno mawili pia inafanyika, "get up", "a lot of", "not at all", wanaunganisha na kugonga, lakini hio utaizoea tu kwa masikio usiilazimishe.

"Button" ni kitu ingine. T ikifuatwa na n ya kumezwa, kama "button", "mountain", "Manhattan", wanafunga koo kidogo, ulimi haufunguki, afu wanaachilia n kwa pua. Ni vile unasimamisha pumzi ukisema "a-a" ya kukataa mtoto asiguse kitu. Na t ikija baada ya n, "twenty", "internet", "center", wengi wanaiacha tu kabisa, "tweni", "ineneti". Hio usijali sana, ukitamka t hapo hakuna mtu atakosa kukuelewa.

---

lushi_kentucky

Dada, miye naongeza moja tu. Ile "button" ya kuita nesi, ile iko ku kitanda, jifunze hiyo kesho paske ba mzee banaiuliza kila usiku. Kisha "better", "sweater" na "later". Hizi tatu na "water" ni namna moja, mwisho mmoja, ulimi moja. Ukiwa na "water" unazo zote déjà.

---

mwalimu_mstaafu

Marahaba wote. Binti, "sweater" sisi tuliikopa ikawa sweta. R ya mwisho haipo hapo pia. Yule babu asiyeona akisikia baridi usiku utaihitaji, anza nayo hiyo.